Shajara ya mradi: Loiyangalani, ziwa lake na watu wake

Jumatatu

Sawa, tumeamua ni Loiyangalani. Tulikuwa na vijiji kadhaa vya kaskazini mwa Kenya ambavyo maelezo yake kwa Kiswahili ni sentensi mbili tu, "ni kijiji kilichopo Kaunti ya fulani", kisha basi, na hiki ndo kimeshinda kwa sababu mambo yote magumu ya jiografia yako hapo pamoja, ziwa lisilotulia, watu wasiokaa sehemu moja, upepo usiokatika na mlima unaofunga upande mzima wa mashariki. Tunatengeneza vitu viwili: maelezo ya kurasa chache ambayo mwalimu anaweza kuyachapa akafundishia, na ramani kwenye OpenStreetMap ili mtu yeyote aitumie bure. Mimi nina jiografia na namba za watu, mwenzangu anachora, na kuna kijana mzaliwa wa hukohuko ambaye sasa anasoma Nairobi, yeye ndo anatukagua, asipokubali kitu hakitoki.

Vya msingi nimeshaandika. Digrii 2.75 kaskazini ya ikweta, 36.7 mashariki, ukingo wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana. Kiutawala ni Kaunti ya Marsabit, eneo bunge la Laisamis, na wadi inaitwa Loiyangalani vilevile, kwa hiyo kila nikitaja jina lazima niseme nazungumzia kijiji au wadi, maana wadi ni eneo kubwa mno na mtu akisoma idadi ya watu wa wadi akadhani ni ya kijiji ameshapotea.

Jumanne

Leo nimeshinda kwenye mwinuko. Uso wa ziwa uko kama mita 360 juu ya usawa wa bahari, na ukitazama mashariki kuna Mlima Kulal unaokaribia mita 2,300. Hiyo tofauti ya karibu kilomita mbili kwenda juu ndo inaeleza kijiji kizima. Juu kabisa kuna msitu wenye ukungu, kule mvua inapatikana, na UNESCO iliutambua mlima kama hifadhi ya viumbe hai mwaka 1978. Chini ni mawe meusi ya volkano, jua, na mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Maji yanayonyesha mlimani yanazama kwenye mawe na mengine yanatokea tena chini kwenye chemchemi za Loiyangalani, yakiwa vuguvugu lakini ni matamu, yananyweka. Penye chemchemi pana mikoma imesimama, na penye mikoma ndo pana mji. Ukiangalia picha ya satelaiti huhitaji kuambiwa, kuna kidoa cha kijani katikati ya weusi na nyumba zimekizunguka.

Nataka hili lije mapema kwenye maelezo, kabla ya ziwa. Wageni wote huanza na ziwa kwa sababu ni kubwa na rangi yake inavutia, ila kijiji kiko pale kwa ajili ya chemchemi. Maji ya ziwa ni ya magadi, pH yake iko juu ya 9, na yana floraidi nyingi. Mtu anayeyanywa tangu utotoni meno yanageuka rangi ya kahawia na mifupa inaathirika, miguu inapinda. Wa-Elmolo, wavuvi wa pale, wameishi na hilo vizazi na vizazi. Kwa hiyo ni kijiji cha kando ya ziwa ambacho maji ya kunywa ni shida, na nimeliandika hivyohivyo kwenye aya ya pili bila kulipamba.

Makazi yenyewe kama mji yamekua kuanzia miaka ya 1960. Kabla ya hapo palikuwa pahali pa kunywesha mifugo na kambi za wavuvi.

Alhamisi, ziwa

Hapa nimekaa sana na sijutii.

Kila kitabu cha shule kinasema Ziwa Turkana lina kilomita za mraba 6,405. Namba moja, haina mwaka, inanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Halafu unafungua ripoti ya serikali ya Kenya ya 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa, unakuta kwamba kati ya 2010 na 2020 ziwa limeongezeka kama asilimia 10 na kumeza karibu kilomita za mraba 800 za nchi kavu. Sasa mwanafunzi ajibu nini? Kwenye maelezo yetu nimeandika namba ya vitabuni, nikaandika ongezeko, nikaandika na miaka, yote matatu kwenye sentensi moja.

Sababu ya ziwa kuchezacheza hivi ni rahisi kueleza ukianza na mlango wa kutokea: haupo. Maji yanaingia, hayatoki. Mto Omo kutoka Ethiopia unaleta kati ya asilimia 80 na 90 ya maji yote, Turkwel na Kerio kutoka Kenya zinaongezea kidogo, na njia pekee ya maji kuondoka ni kugeuka mvuke, zaidi ya mita 2 kila mwaka zinapanda hewani. Ni akaunti ya benki isiyo na kitu kingine ila mshahara mmoja na makato mamoja. Mvua ikizidi kwenye milima ya Ethiopia, ziwa linapanda Loiyangalani hata kama Loiyangalani kwenyewe hakujanyesha tone. Hili wanafunzi wengi halijawahi kuwaingia, wanadhani mvua ya mahali ndo inajaza ziwa la mahali.

Na kupanda kushuka si jambo la jana. Miaka kama 9,000 iliyopita ziwa lilikuwa juu karibu mita 100 kuliko sasa na likamwagikia upande wa Mto Nile, ndo maana mpaka leo unakuta humo sangara na mamba walewale wa Nile. Mwanzoni mwa karne ya 20 pia lilikuwa juu kwa zaidi ya mita 10 kuliko lilivyokuja kuwa miaka ya 1950. Ramani za zamani zinaliita Rudolf, jina lililowekwa mwaka 1888 na msafara wa Teleki na von Höhnel, na jina Turkana limekuwa rasmi tangu 1975, kwa hiyo mkitafuta data ya zamani tafuteni majina yote mawili msije mkasema hakuna kitu.

Bwawa la Gibe III: limejengwa kwenye Omo, kimo chake mita 243, likazinduliwa Desemba 2016. Lilipoanza kujazwa 2015 ziwa lilishuka, kama mita moja na nusu ndani ya miaka miwili, na hofu ilikuwa kubwa na ya haki, UNESCO wakaweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Halafu mvua kubwa za mwisho wa 2019 zikaja na maji yakapanda. Kuna watu mtandaoni wanaotumia hilo kusema bwawa halina shida, na wengine hawataki hata kutaja kwamba maji yalipanda. Mimi naandika yote mawili. Ziwa kupanda miaka mitatu minne hakufuti ukweli kwamba bwawa limebadilisha mpangilio wa mafuriko ya Omo ambayo samaki waliyategemea kuzaliana.

Ijumaa usiku

Suala la ramani. Mwenzangu ameuliza swali zuri, "nichore ufuko wapi?"

Kwenye ramani iliyopo ufuko umechorwa na mtu miaka ya nyuma kutoka picha ya zamani, na ukiweka picha ya karibuni ya satelaiti ya Sentinel-2 juu yake, mstari uko majini. Si kidogo. Karibu na Loiyangalani pwani ni ya mteremko mdogo, hasa upande wa Ghuba ya Elmolo, na penye mteremko mdogo maji yakipanda mita moja tu kwenda juu yanatembea mbali kwenda ndani. Pale penye miamba mikali ya kusini, mita hiyohiyo haionekani hata kidogo.

Tulichofanya: tumeshusha picha za satelaiti za Landsat tangu miaka ya 1980, pikseli zake (nukta za picha) mita 30, na za Sentinel-2 tangu 2015, pikseli mita 10. Zote ni bure. Kutenganisha maji na nchi kavu tunatumia kipimo kinacholinganisha mwanga wa kijani na ule wa infraredi ya karibu, maji yanameza infraredi kwa hiyo yanatoka tofauti kabisa na mawe. Ila chunga mawe meusi ya volkano, kuna kivuli cha asubuhi kinachofanana na maji, tukabidi tuchague picha za jua la juu. Chunga pia mwani, ziwa likichanua kijani karibu na ukingo kipimo kinayumba.

Uamuzi: tunachora ufuko mmoja na tunauwekea tarehe ya picha ndani ya lebo. Ufuko wa zamani hatuufuti kwenye faili letu, unabaki kama leya ya pembeni. Mwenzangu hakupenda mwanzoni kwa sababu ramani inajaa, lakini jamani, mstari wa ufuko bila tarehe kwenye ziwa kama hili haumsaidii mtu yeyote.

Jumapili

Kijana wetu ametuma voisi ndefu, nimeisikiliza nikiandika.

Amezungumzia vijiji viwili vya Wa-Elmolo kaskazini ya mji, Layeni na Komote. Maji yalipopanda yalifunika njia ya kwenda Komote, kijiji kikabaki kisiwa, na watoto wakaanza kwenda shule kwa mashua huku majini kuna mamba na viboko. Bomba la maji matamu lililokuwa linakwenda kule likazama. Uzio wa shule ya Layeni na vyoo vyake vikaingia ziwani. Na makaburi. Hapo alinyamaza kidogo, akasema wazee wamezikwa chini ya marundo ya mawe kando ya maji na sasa maji yako juu yao.

Kwa hiyo neno "rasi" kwenye maelezo ya Komote nimelitoa, nimeweka kwamba ilikuwa imeungana na nchi kavu na maji ya kuanzia 2020 yakaitenga. Kwenye ramani njia ya miguu iliyokuwepo haitakiwi kufutwa kimyakimya, tumeibadilisha kuwa njia iliyozama, na tumeongeza njia ya mashua. Mtu akiipanga safari ya kupeleka dawa au vitabu kule anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji kujua latitudo.

Ameeleza pia chombo cha kuvulia cha zamani, magogo ya mkoma yanafungwa pamoja kwa kamba, mtu anasimama juu yake na mkuki au wavu. Gogo la mkoma ni jepesi lakini linakunywa maji polepole, kwa hiyo chombo kikishatumika lazima kivutwe juu kikauke. Mashua za mbao ndo nyingi sasa. Nimeweka aya moja.

Jumanne, watu

Hii ndo sehemu niliyokuwa naiogopa na imekuwa tamu kuliko zote.

Tuanze juu. Kaunti ya Marsabit kwa sensa ya 2019 ina watu 459,785, na kwa sensa ya 2009 ilikuwa na 291,166. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 71,000, mojawapo ya kaunti kubwa kabisa Kenya, kwa hiyo ni watu sita saba hivi kwa kilomita moja ya mraba. Ila huo wastani hauonyeshi mtu yeyote anapoishi. Watu wako penye maji, na penye maji ni pachache, katikati hapo unaweza kwenda nusu siku usione nyumba. Nimemwambia mwenzangu asipake wadi nzima rangi moja ya "msongamano mdogo", aweke nukta penye makazi na aache jangwa lionekane jangwa.

Wanaoishi Loiyangalani na kuizunguka ni Waturkana, Wasamburu, Warendille na Wa-Elmolo, pamoja na wafanyabiashara na watumishi waliotoka kwingine. Kwa kawaida Waturkana na Wa-Elmolo wako zaidi upande wa maji na uvuvi, Wasamburu na Warendille wana mifugo kuelekea Kulal na nyanda za mashariki, ila siku hizi mchanganyiko ni mkubwa, wameoana, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote kwa ukame anajikuta ameshika nyavu.

Sasa Wa-Elmolo. Sensa ya 2009 inawaandika 2,844. Sensa ya 2019 inawaandika 1,104. Yaani wamepungua zaidi ya asilimia 60 ndani ya miaka kumi, ukisoma jedwali kwa haraka. Nimeona makala kadhaa zikirukia hapo na kuandika kwamba watu hawa wanaisha kwa kasi, na inaniuma kwa sababu hizo namba hazisemi hivyo. Sensa ya Kenya inaandika kabila lile ambalo mtu mwenyewe, au aliyekuwa nyumbani, amelitaja. Mtu ambaye baba ni Elmolo na mama Msamburu, anaongea Kisamburu nyumbani, anaweza akajitaja hivi mwaka mmoja na vile mwaka mwingine na yote yakawa kweli. Lugha ya Kielmolo ya asili, ya jamii ya Kikushi, haizungumzwi tena kama lugha ya nyumbani, Kisamburu kimechukua nafasi yake, kwa hiyo hata ile alama rahisi ya kumtambua mtu kwa lugha haipo. Hakuna janga lililoua watu zaidi ya elfu moja na mia saba pale kati ya sensa mbili. Kilichobadilika zaidi ni majibu.

Nimeandika namba zote mbili, na miaka, na sentensi mbili za jinsi zilivyopatikana. Mwenzangu kasema ni ndefu. Ibaki ndefu. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iwe na mipango kwa ajili ya makundi madogo na yaliyotengwa, na kwenye mipango ya namna hiyo namba ndo huwa inaulizwa kwanza. Mtoto wa Layeni akisoma kwamba watu wake ni 1,104 na wanaisha, halafu hakuna aliyemweleza namba imetoka wapi, tumemkosea.

Kitu kingine cha sensa ambacho watu husahau: mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa sensa, na 2019 ilikuwa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Agosti ni kiangazi kule. Vijana wengi wako fora na mifugo, mbali na kijiji, wakifuata nyasi. Nyumbani wamebaki wazee, akina mama na watoto wadogo. Idadi ya kijiji Agosti si idadi yake mvua zikishanyesha.

Alhamisi

Tulijaribu kutumia zile ramani za watu zinazotengenezwa na kompyuta, ambazo zinatafuta majengo kwenye picha za satelaiti kisha zinagawa watu juu yake. Kwa Loiyangalani mjini zinajitahidi, mabati yanang'aa yanaonekana. Kwa manyatta za pembeni hazioni kitu. Nyumba ya kule ni fito zilizopindwa duara, zimefunikwa makuti ya mkoma, magunia, wakati mwingine maboksi, na juu zimekazwa kwa kamba ili upepo usiziondoe, upana wake mita tatu nne. Kwenye pikseli ya mita 10 hiyo ni sehemu ndogo ya nukta moja, na rangi yake ni ya ardhi. Kwa hiyo kompyuta inasema hapana mtu. Mwenzangu amezichora kwa mkono kutoka picha kali zaidi, moja moja, na kijana wetu akawa anamwambia hii ni nyumba, hii ni boma la mbuzi, hii ni jiwe. Kazi ya macho, na imetoka safi.

Jumamosi

Upepo, kwa kifupi ingawa mtu wa pale angeanza nao. Kuna milima ya Ethiopia upande mmoja na nyanda za juu za Kenya upande wa pili, katikati kuna uwazi wa chini, na hewa inayotoka Bahari ya Hindi ikipita hapo inabanwa na kuongeza kasi. Loiyangalani inaupata mkali zaidi usiku mpaka asubuhi. Kusini ya kijiji, upande wa Sarima, ndo kuna ule mradi mkubwa wa umeme wa upepo, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, ukaunganishwa kwenye gridi 2018 na kuzinduliwa Julai 2019, umeme unasafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Barabara ya Laisamis mpaka Sarima, kilomita 208, ilitengenezwa kwa ajili ya mradi huo na imebadilisha sana nani anafika na nani anahamia. Ardhi ilileta kesi, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema utaratibu wa kuitoa haukufuata sheria. Nimeweka mambo yote matatu, umeme, barabara na kesi, kwenye sehemu ya watu badala ya sehemu ya uchumi, kwa sababu nataka msomaji aone yanavyosogeza watu.

Pia nimeongeza makumbusho ya jangwa yaliyofunguliwa 2008 juu ya kilima kinachotazama ziwa, na Kisiwa cha Kusini, hifadhi ya taifa iliyo mbele ya kijiji majini, urithi wa dunia tangu 2001.

Jumatatu

Kijana wetu amepitia rasimu yote. Amekata "wakazi wake ni wavuvi" akaweka "wakazi wake wanavua, wanafuga na wanafanya biashara, wengi hufanya zaidi ya kimoja". Amekataa picha ya ngoma tuliyotaka kuiweka mwanzo, anataka picha ya chemchemi. Tumekubali. Kwenye ramani amesogeza jina la Layeni, lilikuwa limekaa juu ya boma la mbuzi.

Ufuko umeshapandishwa ukiwa na tarehe yake. Majedwali ya watu yana safu ya mwaka na safu ya "imehesabiwaje", na atakayeongeza namba bila kujaza hizo safu mbili tutamrudishia. Kinachobaki ni toleo la kuchapa, kurasa zisizidi nne, wino mweusi tu maana shule nyingi za huko hazina printa ya rangi, kwa hiyo ufuko wa zamani utakuwa mstari wa nukta na wa sasa mstari mzito. Mwenzangu anaanza nayo kesho.